Firigisi ya Fanuel

Ukitaka kumjua mwanamume, usimtazame anapokutongoza. Kutongoza hata kasuku atafundishwa na ataweza. Mtazame pale dada yake mkubwa anapoingia mlangoni.

Jumapili ile Fanuel alifika kwangu Al Nahda, hapa Dubai, kabla ya mgeni wake, amevaa suti ya kijivu ambayo hata joto la Agosti halikumshawishi avue koti. Alisimama kwenye mlango wa jiko akinitazama nikimenya matufaha, na kila mara aliinua mkono kuangalia saa kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

"Umekumbuka firigisi?" aliniuliza.

"Iko sufuriani."

"Nzima?"

"Fanuel, kuna mtu anayenunua robo ya firigisi?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye moyo uko kwingine. Swali hilo hilo alikuwa ameniuliza usiku kwa simu, na tena alipokuwa akipanda ngazi. Kwao Waluhya, kuku mzima akiletwa mezani bila firigisi ni kama hakuna kilicholetwa. Firigisi wao huiita imondo, na ni ya mwenye nyumba, yaani mwenye kauli. Mwanamke haili. Baba yake Fanuel alikuwa marehemu, kwa hiyo firigisi ya mezani leo ilikuwa ya Fanuel, na dada yake Annah alikuwa anakuja kuona kama mimi, Damaris, Mkamba wa Makueni, ninajua kumwekea mwanamume firigisi yake. Nyumbani kwetu tulizaliwa wasichana watupu. Firigisi ilikuwa ya aliyewahi.

Lakini nilimpenda, na mtu akipenda huwa mwanafunzi hodari. Nilimwambia muuza kuku wa chini ya jengo letu asiitupe, nikaiosha, nikaichemsha peke yake mpaka ikalainika, ndipo nikaitia na wenzake. Harusi ilikuwa Desemba. Annah akisema ndiyo, mama yao kijijini atasema ndiyo, nami nitavaa gauni. Annah akisema hapana, nitabaki na aproni yangu ya jikoni. Mambo yalikuwa rahisi namna hiyo.

Mapishi yenyewe nayo yalikuwa chaguo la Fanuel. Ninafanya kazi jikoni kwenye hoteli, na mpishi wetu mkuu, Mfaransa mfupi mwenye hasira, hupika kuku kwa matufaha na cider, ile pombe ya matufaha. Fanuel alikuwa mlinzi kwenye lango la wafanyakazi. Siku moja nilimpelekea sahani ya kilichobaki, akairudisha inang'aa, hata haikuhitaji kuoshwa.

"Kile kilikuwa nini, dada?" aliniuliza wakati ule, bado ananiita dada.

"Ni kuku, matufaha na cider."

"Cider si ni pombe?"

"Ni pombe. Lakini inachemka mpaka ukali wote unaisha."

Akacheka, akasema, "Mungu anaangalia moyo, haangalii mchuzi."

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Mjinga mimi! Nilidhani mtu anayesema hivyo langoni atasema hivyo hata mezani.

Basi wiki ya ugeni huo aliniambia, "Mpikie dada kile kile ulichoniletea langoni. Akikionja atakujua." Tulikwenda pamoja kununua chupa ya cider. Yeye ndiye aliyeichagua, yeye ndiye aliyeibeba kwenye mkoba wake wa kazini, chini ya sare. Ng'ambo ya barabara yetu ni Sharjah, ambako pombe ni marufuku na chupa haitakiwi hata kwa kuonekana, na Fanuel alituzungusha mtaa mzima tusiukaribie ule upande, amekumbatia mkoba kifuani kama mama aliyejifungua jana. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Akaniinua kwa mkono, na mkono hakuuachia mpaka tulipofika mlangoni.

Ndiyo maana nilipokuwa nageuza vipande vya kuku kwenye siagi, ngozi ikianza kuwa ya rangi ya asali, sikuwa na wasiwasi. Nilikaanga vitunguu, nikavipanga vipande vya matufaha vikageuka dhahabu pembeni, nikamimina cider. Sufuria ikapiga kelele, harufu ikajaa nyumba nzima. Fanuel akasogea. Akasimama nyuma yangu karibu kabisa, nikasikia joto lake kupita lile la jiko.

"Nionjeshe."

"Subiri mgeni."

"Mimi ni mgeni?"

Nikachota kwa kijiko. Hakukishika kijiko, alishika mkono wangu, akauleta mdomoni mwake, akaonja huku ananitazama juu ya kijiko kwa macho yale yake ya usingizi ambayo yalinifanya nisahau majina ya viungo.

"Tena," akasema.

Nikampa tena. Na tena. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa binti wa shule, na ningeapa mbele ya kanisa zima kwamba huyu ni wangu.

Kengele ikalia. Akaniachia mkono kwa haraka hata mchuzi ukanimwagikia kidoleni.

Annah ni mwanamke mwenye hatua za mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Analea watoto wa madam mmoja kule Rashidiya, na kanisani ndiye anayewaonyesha watu pa kukaa, kwa hiyo popote anapoingia hudhani viti ni vyake. Yeye ndiye aliyemtafutia Fanuel kazi akamleta Dubai, na tangu hapo Fanuel hajawahi kukohoa bila kumwangalia kwanza. Alinipa ncha za vidole badala ya mkono.

"Wewe ndiye Damaris."

"Ndimi, dada. Karibu sana."

"Kwenye picha ulikuwa mwembamba."

Akaketi, akazunguka sebule kwa macho. Akaliona pazia linalogawa chumba, maana ninaishi na Betty, Mganda mmoja mpole ambaye siku hiyo alikuwa kazini.

"Huyo mwenzako analala wapi?"

"Hapo nyuma ya pazia."

"Na Fanuel akija hukaa wapi?"

"Hukaa hapo ulipokaa, dada."

Akainuka kidogo, akapangusa kiti kwa kitambaa chake, akakaa tena. Nilimtazama Fanuel nikitarajia tutacheka kwa macho kama tulivyozoea. Fanuel alikuwa anasoma maandishi kwenye sanduku la maji ya kunywa.

"Nasikia una mtoto," Annah akaendelea.

"Nina binti. Yuko kwa mama yangu, anasoma."

"Baba yake?"

"Hayupo."

"Amekufa?"

"Kwangu mimi, amekufa."

"Mmh!" Ile mmh yake ilikuwa ndefu kama mahubiri. "Fanuel angepata wasichana wengi, unajua. Wasichana ambao hawajafungua mlango."

"Angewapata, dada. Lakini alinipata mimi."

Akatoa simu. Mama yao alitaka kuona kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo simu iliegeshwa kwenye jagi la juisi, na baada ya kukatikakatika, Mama Annah akatokea kutoka kijijini kwao. Alikuwa ameishika simu karibu mno, tukawa tunaona paji la uso na jicho moja tu.

"Hallo! Mnanisikia? Huyo msichana yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwanangu. Sogea nikuone. Mbona uko giza?"

"Ndivyo alivyo, mama," Annah akasema.

Hayo nayo nikayameza. Nilimeza mengi siku hiyo kabla hata sijala. Niliandaa meza, nikaleta ugali wa Fanuel na wali wa Annah, nikaweka sinia la kuku katikati. Kisha nikaweka kisahani kidogo mbele ya Fanuel, na juu yake firigisi, nzima, imeng'aa kwa mchuzi.

"Nionyesheni," mama akasema. Annah akageuza simu. Lile jicho moja likaitazama firigisi kwa muda mrefu. "Haya. Huyo amefundishwa. Ombeni mle."

Annah akaomba sala iliyopita Yerusalemu, Misri na jangwani, kisha akachungulia sahani yake.

"Ati kuku na matunda? Kwani sisi ni ndege?"

"Onja kwanza, dada," Fanuel akasema. Hayo ndiyo maneno pekee ya ushujaa aliyoyatamka siku hiyo, na aliyasema akiitazama chumvi.

Annah akaonja. Akaonja tena. Nilimwona anapambana na uso wake usifurahi, lakini mkono ulikuwa umeshamsaliti, unakwenda kwenye sinia na kurudi. Alimaliza paja la kwanza, akachukua la pili. Ugali wa Fanuel nao akaumega, akafuta mchuzi uliobaki sahanini mpaka maua ya sahani yakaonekana.

"Madam wangu angeupenda huu mchuzi," alisema. "Umetia nini?"

"Siagi, vitunguu, krimu kidogo," nikasema. Ningemalizia, lakini alikuwa ameshainuka.

"Acha nijiongezee mwenyewe."

Fanuel akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu kengele ilie. Uso wake ulikuwa umepauka. Firigisi yake alikuwa bado hajaigusa. Alikuwa anaiweka ya mwisho, kama mtoto anavyoficha peremende. Mimi sikuona cha kuogopa. Chupa ilikuwa pale kando ya jiko, sikuificha, maana sikujua kama ni ya kufichwa. Fanuel mwenyewe ndiye aliyeileta.

Annah akarudi ameishika shingoni.

"Hii ni nini?"

Akaitikisa mbele ya uso wa Fanuel.

"Nimeuliza, hii ni nini? Fanuel! Soma hapa. Si hii ni pombe?"

"Mnasema nini?" mama akauliza kutoka kwenye jagi. "Nani ana pombe?"

"Mama, tumelishwa pombe! Huyu mwanamke ametupikia kuku kwa pombe! Mimi mtumishi wa Mungu, nimetoka ibadani sasa hivi!" Akajishika tumbo, lile tumbo lenye mapaja mawili ndani yake. "Fanuel, hii chupa ni ya nani?"

Nikamtazama Fanuel. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa nangoja acheke, aseme neno lake lile la langoni, mambo yaishe.

"Sijui," akasema. "Labda ni ya yule Betty."

Kwanza nilidhani anatania. Betty haonji hata soda.

"Ulijua kwamba anapikia pombe?"

"Mimi? Dada, mimi mambo ya jikoni nitayajuaje?"

Kwenye kola ya shati lake kulikuwa na tone la mchuzi. Tone lile lilidondoka nilipomwonjesha kwa mkono wangu, yeye akisema tena, tena. Niliendelea kulitazama tone lile kwa sababu uso wake sikuweza. Kuna uchungu ambao huja kifuani kama maji ya moto, nami nilikaa nao pale kwenye kiti nimenyooka, nikiomba Mungu nisilie mbele ya Annah.

"Fanuel," mama akaita, na sauti yake haikuwa ya kelele. "Nisikilize mimi. Huyo msichana, unamjua vizuri?"

Hapo nikainua macho. Nilitaka anione ninavyomtazama. Mwaka mzima nilikuwa namtazama mtu huyu. Alipougua, nilipanda basi baada ya zamu nikampelekea supu. Mama yake alipolazwa, nilikesha na Fanuel kwenye simu. Anajua jina la binti yangu, anajua upande ninaolalia, anajua kwamba nikikasirika huanza kusugua sufuria. Kama kuna mtu ananijua katika nchi hii ya wageni, ni yeye.

Fanuel akalamba midomo.

"Si sana, mama," akasema. "Tulikuwa bado tunafahamiana."

Ajabu ni kwamba machozi yaliyokuwa njiani yaligeuka yakarudi. Nilimtazama na suti yake, na jasho lake, na lile koti alilokataa kulivua, na nilishangaa jinsi mtu mrefu namna ile anavyoweza kuwa mfupi akiwa ameketi.

"Yalla, Fanuel, inuka twende," Annah akasema. "Nilikwambia. Mwanamke mwenye mtoto na chupa, unatafuta nini kingine? Khalas, yameisha."

Fanuel akaanza kuinuka.

"Kaa," nikasema.

Akakaa. Ndivyo alivyo, anayeamrisha mwisho ndiye anayetiiwa.

"Petro alimkana Bwana wake mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia," nikamwambia. "Wewe umenikana mara tatu mezani kwangu, na jogoo mwenyewe umemla. Nani sasa atakuwikia?"

"Damaris, tafadhali, tutaongea nje..."

"Nje tumeongea sana. Nje wewe ni mwanamume hodari. Mimi nilikuwa nataka wa ndani." Nikakivuta kile kisahani kutoka mbele yake. "Hii niliambiwa ni ya mwenye nyumba. Mwenye kauli. Niliichemsha peke yake ilainike, nikasema mume wangu atakula. Sasa hapa mezani mwenye kauli ni nani?"

"Wee! Weka chini!" Annah akapiga yowe. "Mwanamke hali hiyo!"

Nikaitia mdomoni.

Sikuila kwa haraka. Niliitafuna polepole, ikiwa na utamu wa matufaha na siagi, huku nikimtazama Fanuel machoni mpaka akainamisha kichwa. Annah alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Kwenye simu, lile jicho moja lilikuwa limesimama tuli, nikadhani mtandao umekatika.

Halafu jicho likafumba, likafumbua, na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, simu ikayumba, na kwa mara ya kwanza tukauona uso wake mzima, mwembamba, hauna meno ya mbele.

"Annah," akasema, "tangu baba yenu azikwe, kuku wangapi wamechinjwa kwangu?"

"Mama, usi..."

"Firigisi zao nani anakula? Mlikuwa mnadhani nampelekea mchungaji?" Akacheka tena. "Mimi ndiye nakula. Nafunga mlango wa jiko nakula. Nyumba lazima iwe na mtu, na kama mtu ni mimi, nifanyeje? Huyu hata mlango hakufunga!"

"Lakini pombe, mama!"

"Pombe ikichemka ni mchuzi. Wewe mwenyewe ulitaka kujiongezea, nilikusikia. Fanuel! Fanuel, uko wapi? Huyo mwanamke usimwache. Na huyo mtoto wake mje naye, nyumba yangu ni kubwa. Wewe unahitaji mtu wa kukusimamisha. Umenisikia?"

Fanuel aliinua kichwa. Rangi yote ilimrudia usoni kwa mpigo. Aliusukuma mkono wake juu ya meza, akanishika vidole, vidole vile vile, na macho yale ya usingizi yakawa yamejaa maji.

"Umesikia, Dama?" akasema. "Mama amekubali! Mama amekubali, mpenzi wangu. Mambo yameisha."

Siwezi kudanganya. Mkono wake ulikuwa na joto lile lile. Mwili hauna aibu, ulimkumbuka papo hapo, na kwa kitambo kidogo nikaona gauni, nikaona Desemba, nikamwona binti yangu amevaa viatu vyeupe. Ilinibidi niuvute mkono wangu kwa nguvu kama ninautoa kwenye mlango uliojifunga.

"Nimesikia," nikasema. "Mama yako nimempenda. Hajawahi kuniona ila leo, na amenijua. Wewe umesema hunijui sana. Basi iwe hivyo hivyo, Fanuel. Usinijue."

"Dama..."

"Wewe ni mtu wa aina gani?" Annah akaniuliza, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayeuliza kweli. "Mama ameshakubali, na bado unakataa?"

"Mama alikubali. Mimi sikukubali. Kwani aliyekuwa anaolewa ni nani?"

Annah akaketi kwenye kile kiti alichokipangusa, na nadhani hakujua kwamba ameketi.

"Hallo!" mama akaita kutoka kwenye jagi. "Mbona mmenyamaza? Fanuel, mwambie anikaribie. Mnakuja lini? Ni hiyo Desemba?"

Fanuel alinitazama. Akaitazama simu. Akanitazama tena, midomo ikicheza, na nikaelewa anachokiomba: anataka nimjibie. Hata kuachwa kwake alitaka nimsemee mimi.

"Mjibu mama yako," nikamwambia, nikaanza kukusanya sahani.